Hodi ya Pili: Jinsi ya Kutazama The Postman Always Rings Twice na Marudio Yake

Anayelisoma jina la filamu hii kwa mara ya kwanza huanza kumngoja tarishi. Hatokei. Na kwetu, ambako barua huishia kwenye sanduku la posta na mwenyewe ndiye anayeifuata na ufunguo wake, jina lenyewe linahitaji maelezo kidogo. Tarishi wa Marekani wa miaka ya 1930 alifika hadi mlangoni, akabonyeza kengele, na asipoitikiwa akabonyeza tena. Hodi ya kwanza unaweza kuikosa, au ukajifanya hukuisikia. Ya pili itakukuta. Toleo la 1946 limejengwa juu ya wazo hilo kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho: kila jambo kubwa linatokea mara mbili, na mara ya pili ndiyo inayoua.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kulitazama toleo hilo pamoja na marudio yake matatu na kuyalinganisha kwa haki, iwe peke yake nyumbani au na kikundi. Tahadhari moja: miisho yote inatajwa humu. Kama hupendi kuharibiwa uhondo, tazama kwanza ya 1946, kisha urudi hapa.

Mkasa na matoleo yake

Chanzo ni riwaya ndogo ya James M. Cain iliyotoka mwaka 1934. Mzururaji anayeitwa Frank Chambers anashuka kwenye mgahawa wa kando ya barabara wenye sheli yake, nje ya Los Angeles. Mwenye mgahawa ni mzee mcheshi, Nick. Mke wa mzee, Cora, ni kijana na amechoka. Frank anapewa kazi, yeye na Cora wanaanza mapenzi ya siri, kisha wanaamua mzee aondoke duniani. Huo ndio mkasa mzima, na ndiyo maana umerudiwa mara nyingi: watu watatu, mgahawa mmoja, gari moja. Mtayarishaji hahitaji jeshi wala kasri.

Kabla ya kuanza, hakikisha unazo hizi nne:

- *The Postman Always Rings Twice* (1946), ya studio ya MGM, imeongozwa na Tay Garnett. Lana Turner ni Cora, John Garfield ni Frank, Cecil Kellaway ni Nick. Dakika 113, nyeusi na nyeupe.
- *Ossessione* (1943), filamu ndefu ya kwanza ya Luchino Visconti, Italia. Clara Calamai ni Giovanna, Massimo Girotti ni Gino, Juan de Landa ni mume, Bragana. Karibu dakika 140.
- *The Postman Always Rings Twice* (1981), imeongozwa na Bob Rafelson. Jack Nicholson, Jessica Lange, na John Colicos kama Nick. Dakika 122, ya rangi.
- *Jerichow* (2008), ya Christian Petzold, Ujerumani. Nina Hoss, Benno Fürmann, Hilmi Sözer. Dakika 93 hivi.

Ipo pia ya Ufaransa ya 1939, *Le Dernier Tournant*, ya Pierre Chenal, ambamo Michel Simon anacheza mume. Hiyo ndiyo ya kwanza kuliko zote, lakini nakala nzuri yake hupatikana kwa shida. Ukiipata, iweke mwisho.

Jumla ya hizo nne ni dakika 468, karibu saa nane. Usijaribu kuzimaliza siku moja. Mbili kwa wikendi, kwa wikendi mbili, ndicho kipimo kinachofaa, na kati ya filamu moja na nyingine acha usiku upite. Anayeziunganisha bila kupumzika hufika ya tatu akiwa hakumbuki tena nani alimpiga nani, na kwa chupa au kwa kitu gani.

Anza na ya 1946, hata kama si ya kwanza

Ni kishawishi kufuata miaka: 1943, 1946, 1981, 2008. Usifanye hivyo. Ya 1946 ndiyo pekee kati ya hizi nne yenye mnyororo mzima: jaribio lililoshindikana, mauaji, kesi, ndoa, ajali, kesi ya pili. Zile nyingine zimekata pingu moja au mbili za mnyororo huo, na huwezi kujua kilichokatwa kama hujakiona kizima. Anayeanza na ya 1981 hupata shida nyingine: filamu inaisha na jina lake halijaguswa popote, akabaki anauliza tarishi yuko wapi.

Baada ya 1946 nenda *Ossessione*, halafu 1981, halafu *Jerichow*. Kwa mpangilio huu kila filamu inakaa mbali zaidi na ile ya kwanza kuliko iliyotangulia, ukiacha ya 1981, ambayo inarudi karibu na kitabu na kukupa nafasi ya kupumua.

Kuandaa kioo

Filamu za aina hii ziliitwa *noir*, yaani nyeusi, na wahakiki wa Ufaransa mwaka huohuo wa 1946, filamu za Marekani zilipoanza kumiminika Paris baada ya vita. Jina hilo lichukulie kama maagizo ya fundi. Giza ni sehemu ya hadithi, na televisheni nyingi za leo zinaliharibu kabla hujakaa.

Umbo la picha kwanza. Filamu za 1943 na 1946 ni karibu mraba, 4 kwa 3. Kwenye kioo kipana zinapaswa kuacha utepe mweusi kushoto na kulia. Kama picha imejaa kioo chote, kuna mambo mawili yamewezekana: imevutwa pembeni, na Lana Turner amekuwa mnene kuliko alivyokuwa, au imekatwa juu na chini, na vichwa vinagusa fremu. Kwenye programu ya VLC bonyeza herufi A mpaka uone 4:3. Kwenye televisheni tafuta sehemu ya ukubwa wa picha na uache ya asili.

Halafu zima ule ulainishaji wa mwendo ambao viwanda huuwasha ili mpira wa miguu uonekane vizuri. Filamu ilipigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Televisheni ikijibunia picha za katikati, Hollywood ya 1946 inageuka tamthilia ya mchana. Zima pia utofautishaji unaojibadilisha wenyewe, kwa sababu katika tukio la usiku utaona ukuta unang'aa na kufifia bila mtu kugusa swichi.

Mwanga wa kioo upime hivi. Simamisha filamu kwenye tukio lolote la usiku lenye mtu aliyevaa koti jeusi. Punguza mwanga mpaka koti liwe kipande kimoja cha lami, kisha upandishe kidogo kidogo hadi mikunjo ya mkono ianze kuonekana. Simama hapo. Ukiendelea kupandisha, weusi unakuwa kijivu na nguo nyeupe za Cora zinapoteza ule ukali uliokusudiwa. Kwa projekta kanuni ni ileile, lakini pigania giza la chumba kwanza: pazia jepesi la mchana huharibu zaidi kuliko projekta ya bei nafuu.

Ukikutana na nakala ya 1946 iliyotiwa rangi kwa kompyuta, iache. Sababu utaiona sasa hivi.

Tukio la rangi ya mdomo

Hili litazame mara tatu. Liko mwanzoni kabisa, Frank akiwa ndani ya mgahawa wa Twin Oaks. Nje kuna kibao kinachosema mtu anatafutwa, cha kazi, ingawa ukishamjua Cora kibao hicho kinasomeka kwa namna nyingine. Nick ametoka kumhudumia mteja. Kitu kidogo kinabingirika sakafuni: kibomba cha rangi ya mdomo. Kamera inakifuata kwa kurudi kilikotoka, sakafuni, mpaka inakuta viatu vyeupe na miguu. Inasimama hapo. Tunaonyeshwa uso wa Frank. Ndipo tunamwona mwanamke mzima mlangoni: kaptula nyeupe, blauzi nyeupe fupi, kilemba cheupe.

Mara ya kwanza tazama tu. Mara ya pili zima sauti na uangalie miguu ya watu: nani anamwendea nani. Frank anaokota kile kibomba lakini hakipeleki; ananyoosha mkono akiwa nacho na kungoja. Cora naye anangoja. Hatimaye mmoja anavuka sakafu, na filamu nzima itakuwa mvutano uleule wa nani avuke. Mara ya tatu angalia weupe peke yake. Turner amevaa nyeupe karibu filamu yote, na akivaa nyeusi ujue kifo kiko karibu: usiku wa kisu jikoni, na safari ya msiba wa mama yake. Mpiga picha Sidney Wagner alikuwa na nguo moja inayong'aa ndani ya mgahawa wenye vivuli, akaitumia kama taa. Ukiweka rangi juu ya hayo, taa imezimwa.

Weupe huo ulikuwa na kazi ya pili. MGM ilinunua haki za riwaya mwaka uleule wa 1934, lakini ofisi ya Joseph Breen, iliyosimamia kanuni za maadili za Hollywood, ilikataa hadithi hiyo. Uzinzi na mauaji kwa pamoja, na watazamaji wakiwaonea huruma wahusika! Miaka 12 ikapita. Kilichofungua mlango ni *Double Indemnity* ya 1944, kutoka riwaya nyingine ya Cain yuleyule, iliyopita kwa wakaguzi na kuingiza fedha. Mwanamke aliyevaa kama malaika aliwasaidia MGM kupitisha jambo ambalo mwanamke mwenye nguo nyekundu lingemshinda.

Daftari la hodi mbili

Chora mistari upate safu tano. Ya kwanza andika jambo, nne zilizobaki ni za filamu moja moja. Kwa ya 1946 jaza hivi wakati unatazama, usingoje mwisho:

*Rangi ya mdomo.* Inabingirika Cora anapoingia kwenye hadithi. Inaanguka tena mkononi mwake anapotoka.

*Barua kwenye droo ya pesa.* Mara ya kwanza Cora anaondoka na Frank, wanatembea kwa miguu wakiomba lifti, suti yake nyeupe inajaa vumbi, wanarudi, na anaiwahi barua kabla mumewe hajaisoma. Mara ya pili barua inasomwa na mtu mwingine.

*Kumwua Nick.* Jaribio la kwanza ni bafuni. Cora ana mfuko wenye gololi za chuma, Frank yuko nje analinda. Askari wa pikipiki anapita. Paka anapanda ngazi, anagusa umeme, taa zinazimika nyumba nzima, na Nick anapona bila kujua alipigwa na nini. Paka ndiye aliyekufa. Jaribio la pili ni barabarani usiku, ndani ya gari. Nick amelewa na anaimba ili asikie mwangwi wa sauti yake milimani. Chupa inashuka. Halafu mwangwi unarudi, sauti ya mtu aliyekwisha kufa ikiimba peke yake gizani. Hapa ongeza sauti ya spika kidogo. Mwangwi huo ukikupita, umekosa sekunde bora kuliko zote za filamu.

*Gari.* Linaporomoka na Nick, na Frank mwenyewe ananaswa ndani. Baadaye linagonga tena, na Cora anakufa.

*Bahari.* Kuogelea usiku mwanzoni, kabla ya dhambi. Kuogelea mwishoni, Cora akiwa mjamzito, akimtaka Frank aamue kama anamwamini kiasi cha kumrudisha nchi kavu.

*Kesi.* Ya kwanza Cora anatoka na kifungo cha nje kwa kuua bila kukusudia, ingawa aliua kwa kukusudia. Ya pili Frank anahukumiwa kifo kwa kumwua Cora, ingawa ilikuwa ajali.

Mstari huo wa mwisho ndio hodi yenyewe. Frank, akiwa kwenye chumba cha wanaosubiri adhabu, ndiye anayelieleza jina la filamu kwa kinywa chake, na anaikubali hukumu: kama si kwa Cora, basi kwa Nick. Katika riwaya hakuna maelezo hayo. Cain alitaka kukiita kitabu chake *Bar-B-Que*, mchapishaji wake Knopf akakataa, na jina la tarishi likazaliwa katika mazungumzo yake na mwandishi wa tamthilia Vincent Lawrence kuhusu kungoja barua. Hukumu ya Frank imo kitabuni. Hotuba ya tarishi ni ya filamu. Kanuni za Breen zilitaka mhalifu aadhibiwe na mtazamaji aelewe kwa nini, na waandishi Harry Ruskin na Niven Busch wakaugeuza mzigo huo kuwa mwisho unaokaa kichwani.

Sisi tuliokua tukiambiwa kwamba stelingi hafi, tuzoee: humu stelingi ndiye anayekufa, na anajua.

Kesi: usiipite haraka

Wengi husinzia mahakamani. Ni kosa, kwa sababu hapo anaingia Hume Cronyn kama wakili Arthur Keats, mwembamba, mwenye sauti ya upole, na hatari kuliko wapenzi wote wawili. Mfuatilie hatua kwa hatua, maana ujanja wake unakwenda kasi.

Mwendesha mashtaka Kyle Sackett, anayechezwa na Leon Ames, anamtisha Frank mpaka anatia saini malalamiko dhidi ya Cora, kwamba alitaka kuwaua wote wawili. Cora akijua, anawaka, anataka kukiri kila kitu. Keats hamzuii. Anamletea mtu wa kuandika ungamo, Cora anamwaga yote, anasaini. Mtu huyo ni Kennedy, kijana wa Keats mwenyewe, si wa serikali. Ungamo linafungiwa kabatini, hasira ya Cora imekwisha, na mahakama haijasikia neno. Sasa unaelewa kwa nini Kennedy anarudi baadaye na karatasi ile kudai fedha. Anayeicheza nafasi hiyo ni Alan Reed, ambaye miaka ya 1960 alikuja kuwa sauti ya Fred Flintstone kwenye katuni. Ukishaitambua sauti, vigumu kumwogopa tena.

Angalia pia kwamba Keats na Sackett wamewekeana dau la dola 100. Maisha ya mtu yako mezani, na wao wanacheza. Katika riwaya hesabu ni kavu zaidi: kampuni za bima zinakaa pamoja, zinaona kwamba kulipa dola 10,000 za kifo cha ajali ni nafuu kuliko zinachoweza kudaiwa kwa njia nyingine, na mauaji yanafutwa kwa hesabu ya kujumlisha na kutoa. Cain aliwahi kuuza bima. Inaonekana.

Neno moja juu ya Nick. Kitabuni ni Mgiriki, Papadakis. MGM ikamfanya Smith na kumpa Cecil Kellaway, mzaliwa wa Cape Town, Afrika Kusini. Ana tabasamu na gitaa, na hiyo inawasaidia na kuwaumiza waliotengeneza filamu. Inasaidia kwa sababu kifo chake kinauma. Inaumiza kwa sababu huoni vizuri Cora anakimbia nini. Andika hilo pembeni ya daftari, utalihitaji kwa Colicos.

Ossessione: usiilaumu televisheni yako

Visconti alipata mkasa huu kwa tafsiri ya Kifaransa aliyopewa na Jean Renoir, akautengeneza bila kununua haki, Italia na Marekani zikiwa vitani. Utawala wa kifashisti haukuipenda, nakala ziliharibiwa, na iliyobaki imetokana na negativu ya pili ambayo Visconti aliificha. Haki zikiwa mikononi mwa MGM, Marekani haikuionyesha hadi miaka ya 1970. Kwa hiyo picha itakuwa na mikwaruzo na kijivu kingi. Usipandishe mwanga kujaribu kuiponya. Na kabla ya kuanza angalia urefu: nakala ya chini ya saa mbili imekatwa, tafuta nyingine.

Humu hakuna jaribio la bafuni wala paka, na hakuna wakili. Mauaji yenyewe hayaonyeshwi. Tunafika gari likiwa tayari chini na polisi wanauliza maswali. Sababu ni kwamba Visconti hataki kujua *wameuaje*. Anataka kujua baada ya hapo watu wanaishi vipi katika nyumba ileile. Jibu lake liko katika tukio moja ambalo hadithi haikulihitaji: Giovanna, mwisho wa siku ya kazi, peke yake jikoni katikati ya vyombo vichafu, anajimiminia supu, anafungua gazeti, anakula vijiko vichache, na usingizi unamchukua palepale mezani. Hakuna muziki wa kukuambia uhisi nini. Usilirushe. Likichosha, limefanya kazi yake.

Linganisha pia namna mwanaume anavyoingia. Garnett alitunyima mwanamke, akatupa miguu kwanza. Visconti anatunyima uso wa Gino, tunamwona kwa mgongo na kwa mbali, mpaka Giovanna anapoinua macho jikoni; ndipo na sisi tunamwona. Safu ya kwanza ya daftari: andika nani anatazamwa.

Kwenye mstari wa gari andika mbili: la Bragana, kisha la mwisho kando ya mto Po, Giovanna mjamzito anakufa na polisi wanamkamata Gino papo hapo.

Ya 1981: meza, unga, na mlango usiogongwa

Hii si ya kutazama na watoto wala wazazi. Marekani waliipa daraja la R. Mswada ni wa kwanza wa filamu kwa David Mamet, mpiga picha ni Sven Nykvist, aliyemfanyia kazi Ingmar Bergman miaka mingi. Mgiriki amerudi, mkubwa, mwenye sauti na haki ya kumgusa mkewe anapotaka, na kile ulichoandika juu ya Kellaway kinapata jibu. Lange hana kilemba cheupe. Ana jasho, na gauni la kazi, na tukio linalozungumzwa sana la juu ya meza ya jikoni, ambapo mikate na unga vinasukumwa chini. Kanuni za Breen zilikuwa zimeondolewa tangu 1968, na filamu inataka ujue hivyo.

Madge, mwanamke wa pembeni wa Frank, naye mkague. Mwaka 1946 (Audrey Totter) anapita kama abiria. Humu ni Anjelica Huston, anayefuga simba na wenzao, karibu na kitabu alimokuwa na wanyama wa jamii hiyo. Ana dakika chache na anakaribia kuondoka na filamu.

Kisha mwisho. Ajali inatokea, Cora amelala kando ya barabara, Frank analia, filamu imekwisha. Kesi ya pili haipo, barua haipo, chumba cha kifo hakipo. Safu yako itabaki tupu kwenye mstari wa mwisho. Watetezi husema huzuni hiyo inatosha kuwa adhabu. Huenda, lakini filamu iliyobeba jina la hodi mbili imepiga moja ikaondoka, na ndiyo maana, pamoja na uigizaji bora kuliko wa 1946 katika sehemu kadhaa, inakuacha na hisia kwamba mkanda wa mwisho wa filamu umepotea.

Jerichow: safu zinazobadilisha nafasi

Petzold hatumii jina wala majina. Thomas ni mwanajeshi aliyefukuzwa jeshini baada ya Afghanistan. Ali ni Mturuki mwenye vibanda vya chakula vilivyotawanyika kaskazini-mashariki ya Ujerumani. Laura ameolewa naye akiwa na deni shingoni. Jaza daftari polepole, maana mambo yapo ila yamehamia kwa mtu mwingine. Gari ni mara mbili: mara ya kwanza Ali, amelewa, analitoa barabarani, na Thomas anamwokoa mbele ya polisi; mara ya pili ni ukingo wa mwamba juu ya bahari. Mpango wa kuua upo. Ila Ali anarudi, anakiri kwamba hakwenda Uturuki bali hospitali, kwamba moyo wake hauna muda mrefu, kisha anaokota kiberiti cha gesi chini na kuelewa kila kitu. Anaingia kwenye gari na kuliendesha mwenyewe hadi ukingoni na kupita. Hodi ya pili imepigwa na mwenye nyumba.

Yanayoharibika

*Maandishi ya tafsiri yanayochelewa.* Yanaanza sawa, na baada ya saa moja yako nyuma dakika mbili na zaidi. Kosa ni kasi: nakala za mfumo wa televisheni ya Ulaya huendeshwa picha 25 kwa sekunde badala ya 24. Utaijua kwa urefu, kwani dakika 113 zinakuwa kama 108 na nusu. Kubonyeza G na H kwenye VLC husogeza maandishi yote kwa pamoja, yatakaa vizuri dakika tano na kupotea tena. Fungua faili la maandishi kwenye programu ya kuhariri na uzidishe nyakati zote kwa 0.96. Neno la dakika ya 60 litakwenda dakika ya 57 na sekunde 36, na mengine yatafuata.

*Sauti upande mmoja.* Filamu za 1943 na 1946 ni mono, yaani sauti ya njia moja, lakini mono halisi hutoka spika zote sawa. Ikitoka kushoto tu, ni waya au plagi haijaingia hadi mwisho.

*Mtafsiri wa kibandani.* Mwenye kuonyesha kwa mtafsiri wa sauti, kama ilivyo desturi kwenye mabanda mengi, amwonye mapema: sauti ya Frank inayosimulia tangu mwanzo ni ungamo mbele ya kasisi, na hilo hujulikana mwishoni tu. Mtafsiri akianza na "huyu jamaa akafika hapa", ameua siri. Aseme "mimi" kuanzia sentensi ya kwanza.

*Kuonyesha kwa kiingilio.* Filamu ya 1946 bado ina mwenyewe kisheria. Chumba chenye tiketi kinahitaji kibali cha mwenye haki na cha bodi ya filamu ya nchi yako.

Ukimaliza *Jerichow*, usifunge daftari. Rudisha ile ya 1946 kwenye dakika zake za kwanza kabisa, kabla ya mgahawa, kabla ya rangi ya mdomo. Frank anashuka kwenye gari la mtu aliyempa lifti, wanaagana vizuri kama watu wasiodaiana kitu. Mara ya kwanza hukuwa na sababu ya kumtazama dereva. Mtazame sasa: ni Kyle Sackett.